Leteni Zikiwa na Kutu

Sanduku lilikuwa na spana 34. Fundi pikipiki wa pale njia panda Bugarama alizimwaga juu ya gunia, akachuchumaa, akaanza kuzijaribu moja moja kwenye pikipiki ya mteja aliyekuwa akimsubiri. Nati za pikipiki hizi za bodaboda ni za milimita: 8, 10, 12, 14, 17, 19. Spana zilitoka Uingereza, za enzi ambazo Waingereza walipima kila kitu kwa inchi. Ile ya robo tatu ya inchi ilikaa sawasawa kwenye nati ya 19. Nyingine ndogo ikakubali nati ya 8. Ile ya nusu inchi ilivaa nati ya 12, ikateleza, ikazila kona zake, na mteja akapiga kelele. Fundi alizikusanya zote, akazisukuma chini ya meza, akachukua spana yake ya siku zote, iliyokwisha kuchomelewa mara mbili shingoni, akaendelea na kazi. Wiki moja kabla alikuwa amepigwa picha akilikumbatia sanduku lile mbele ya mgeni rasmi. Picha haikudanganya. Alifurahi kwelikweli.

Sina mdomo wa kuwabeza waliolituma. Spana za namna ile nimezisugua kwa mikono yangu, majira mawili ya baridi, nilipokuwa masomoni kusini mwa Uingereza. Kulikuwa na shirika la hisani lililokusanya zana kuukuu, likazifufua na kuzisafirisha Afrika, nami nikajitolea kila Jumamosi. Niliporudi nyumbani Ngara nikakutana na upande wa pili wa kazi ile, na tangu hapo nimekuwa na ugomvi na kauli moja ninayoisikia kila pembe: kwamba fundi wa kijijini ni maskini kwa sababu hana vifaa. Diwani huisema. Afisa maendeleo ya jamii huisema. Vikundi vya vijana vinavyoomba mikopo ile ya asilimia 10 ya halmashauri huiandika mstari wa kwanza. Ndugu zetu walioko ughaibuni huchangishana kwa ajili yake, na mashirika ya nje yameijengea maghala. Imerudiwa mpaka imeacha kuwa hoja, imekuwa kama salamu. Mtu akiitamka, mwenzake huitikia tu.

Mimi siitikii. Kauli hiyo ina makosa, na makosa yake yametugharimu zaidi ya sanduku moja la spana.

Niwape kwanza haki yao watu hawa. Shirika linalojulikana zaidi katika kazi hii, Tools for Self Reliance, lilianza mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa juhudi za Glyn Roberts na wenzake, likaweka makao yake Netley Marsh, karibu na Southampton. Jina lenyewe ni kujitegemea, neno ambalo miaka ile lilikuwa likisikika duniani kwa sauti ya Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la 1967. Yapo mengine: Workaid kule Chesham, Tools with a Mission kule Ipswich, Gered Gereedschap kwa Waholanzi. Wanaozipa uhai karakana zao kwa sehemu kubwa ni wastaafu wanaotoa siku zao bure. Tena Tools for Self Reliance wenyewe kwa miaka mingi wamekuwa wakifungamanisha zana na mafunzo ya ufundi na ya biashara, kwa hiyo waliokaa ndani ya kazi hii muda mrefu wanajua kwamba sanduku peke yake halitoshi. Wasiojua ni sisi tunaolipokea kwa ngoma, na wale wanaoiga umbo la kazi hiyo bila kuiga subira yake.

Sasa nieleze kinachofanyika kwenye meza ile, maana ubishi wangu wote umesimama juu yake.

Zana hufika katika hali ya kusikitisha. Mzee amefariki, mjane anasafisha kibanda cha nyuma ya nyumba, anatokea na kasha la randa, patasi, misumeno na tupa, vyote vimeshikamana kwa kutu. Kazi ya kwanza ni kuchambua: hiki ni cha kufufua, hiki ni cha vipuri, hiki kitauzwa huku huku kwa wakusanyaji wa vitu vya kale ili kulipia usafiri. Kisha kutu inalowekwa, inasuguliwa, inafutwa. Mtu yeyote anaweza kufanya hayo. Baada ya hapo ndipo penye elimu.

Niliwekwa chini ya mzee mmoja aliyekuwa fundi wa karakana ya meli maisha yake yote. Siku ya kwanza alinipa kisu cha randa, akaniambia nikinoe. Nikakinoa upande wa mshazari hadi kikang'aa, nikamrudishia kwa fahari. Hakukitazama upande ule hata kidogo. Alikigeuza, akanionyesha mgongo, akasema mgongo usiponyooka kama kioo hakuna makali, kuna mng'ao tu. Nilisugua mgongo wa kisu kile Jumamosi mbili. Nikajifunza kuwa mshazari unachongwa kwa nyuzi 25 na ncha yenyewe inamaliziwa kwa nyuzi 30 hivi. Kwamba ule utepe mwembamba wa chuma unaojikunja upande wa pili ndio unaokuambia umefika. Kwamba kisu kikigeuka rangi ya buluu kwenye grainda, ugumu wake umekwisha kuondoka hapo, na kusugua hakutaurudisha. Nikajifunza kupanga meno ya msumeno, moja kulia moja kushoto, yakitanuka zaidi kwa mbao laini yenye unyevu na kubana kwa mbao ngumu iliyokauka. Nikajifunza kuchonga mpini wa nyundo ukakaa kichwani bila kuchezacheza. Mimi mwenye shahada, mtoto wa watu waliolima kwa jembe, nilifika miaka yangu ya ishirini na kitu bila kujua kwa nini chuma kimoja kinakata na kingine kinapondeka.

Nilitoka pale nikiwa mtu mwingine. Na hapo ndipo shaka yangu ilipoanzia. Hesabu ni nyepesi: mimi nilipata ufundi, Bugarama ilipata sanduku. Kila saa niliyokaa kwenye meza ile ilinijaza mimi, ikamjaza na yule mzee aliyepata mtu wa kumrithisha. Zana ilipofungwa kwenye kontena, elimu yote ilikuwa imekwisha kunywewa. Aliyepokea alipokea kikombe.

Ndiyo maana nasema wanaobishana juu ya misaada hii wanabishana mahali pasipo. Upande mmoja wanasema ni neema, zana za chuma cha Sheffield kisichopatikana dukani, bure. Upande mwingine, hasa wasomi wetu, wanasema ni takataka za Wazungu zilizopakwa mafuta. Nimezishika, si takataka. Randa ya Kiingereza ya miaka ya 1950 ikiwa imetengenezwa vizuri inaishinda mpya nyingi za bei rahisi zinazouzwa gulioni. Lakini pande zote mbili zinatazama sanduku. Hakuna anayeitazama meza.

Wapo watakaoniambia kwamba elimu hiyo ni ya Wazungu, na sisi tunahitaji vitu vya kuanzia. Kwa mtu wa Kagera, mkoa wetu, hilo ni neno la aibu. Katika miaka ya 1970 Peter Schmidt, mwanaakiolojia, alichimba Buhaya, Katuruka na Kemondo, akakuta mabaki ya matanuri ya kuyeyushia chuma ya kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliowahi kufanya kazi hiyo ujanani walijenga tanuri upya na kuyeyusha chuma mbele ya macho yake, na mwaka 1978 yeye na mtaalamu wa metali Donald Avery wakaandika katika jarida la Science kwamba mafundi wa kale walikuwa wakiipasha hewa moto kabla haijaingia kwenye makaa. Wasomi wamebishana sana kuhusu sehemu hiyo ya hewa. Kwamba chuma kilitengenezwa hapa, na kilikuwa kizuri, hakuna mwenye shaka. Upande wetu wa Biharamulo, kuelekea Geita, walikuwapo Warongo, wahunzi walioishi kwa tanuri na fuawe, majembe yao yakitumika shambani na yakitolewa mahari. Makadirio ya mwishoni mwa karne ya 19 yanataja majembe 150,000 hivi kwa mwaka yakipita soko la Tabora, mengi kutoka kwa wahunzi wa Usumbwa, majirani zetu wa kusini. Majembe 150,000, na hakuna kontena lililofika.

Sitaki kuipamba historia hiyo. Tanuri lilikula misitu, kazi ilikuwa ngumu, na mkulima aliyeliacha jembe la mhunzi akanunua la dukani hakuwa mjinga. Lilikuwa rahisi zaidi, na alikuwa na watoto wa kulisha. Ninachotaka msomaji akione ni namna mambo yalivyokatika. Jembe la kigeni lilifika likiwa limekamilika. Halikuhitaji mtu wa hapa ila kulinunua na kulishika. Mhunzi akabaki na kazi ya kutengeneza mikuki michache na kurekebisha mapanga, mwanawe akaona hakuna faida, akaenda kulima kahawa. Baada ya uhuru tulijaribu kuurudisha uzi huo. SIDO iliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. Ubungo kikajengwa kiwanda cha zana za kilimo, UFI, kwa msaada wa China, na Mbeya kikaja cha ZZK. Watu wa umri wangu tulilima shamba la shule kwa majembe hayo. Nenda leo kwenye duka la vifaa vya ujenzi Kabanga, geuza jembe, usome limetoka wapi.

Kwa hiyo uhaba wa zana si ugonjwa wetu. Ni dalili, na dalili hii ilianza siku zana ilipoanza kuja imekwisha kutengenezwa na mikono mingine. Sasa tunaitibu kwa kuletewa zana zilizokwisha kutengenezwa na mikono mingine.

Na zana zenyewe, kusema kweli, tunazo. Hili ndilo linalonikosesha usingizi. Ukikaa barabarani Bugarama utawaona wanunuzi wa chuma chakavu, na mizani zao za kuning'iniza, wakipita nyumba kwa nyumba. Watoto wanakimbia ndani, wanatoka na jembe lililolika, panga lisilo na mpini, shoka lililopasuka jicho, koleo la marehemu babu, springi ya Land Rover iliyokuwa ikizuia mlango. Vinapimwa kwa kilo, vinalipwa shilingi chache, vinapanda lori, vinakwenda kuyeyushwa viwandani kuwa nondo. Springi ya gari ni chuma kizuri kuliko chuma chote watakachokiona watoto wale maisha yao. Mhunzi anayejua kazi anatoa humo patasi, mapanga, hata visu vya randa. Wakati huo huo, maelfu ya kilomita kutoka hapa, wazee wenye viungo vinavyouma wanapita kwenye vibanda vya wajane kuokota zana zenye kutu ili watutumie. Chuma chetu kinaondoka kwa lori na chao kinakuja kwa meli, na hapa katikati hakuna mtu aliyesimama na tupa mkononi.

Ngara tumewahi kuona msaada mkubwa kuliko wilaya nyingi za nchi hii. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, na kambi yao ya wakimbizi ya Benaco ikawa mji mkubwa kuliko miji tuliyoijua. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Yalikuja mashirika ambayo majina yake hatukuweza kuyatamka, yakaja na vijana wa kujitolea wa kila rangi, yakaja malori ya majembe, sufuria, ndoo na maturubai. Desemba 1996 Wanyarwanda walirudishwa kwao, na yale mashirika yakaanza kufunga virago; kambi ya Warundi ya Lukole ikaendelea hadi 2008. Nini kilibaki? Majembe yalilika, kama majembe yote. Sufuria zilitoboka. Ila ninawafahamu wanaume wawili ambao walichukuliwa vibarua kwenye gereji za mashirika hayo, wakaanza kwa kuosha malori, wakaachiwa kushika spana, wakafundishwa kusikiliza injini. Hadi leo gari likikwama kati ya Rulenge na Ngara mjini, ni wao wanaoitwa, na vijana waliopitia mikononi mwao sasa wana gereji zao. Hakuna aliyepanga iwe hivyo wala kuiandika katika ripoti. Ilitokea kwa sababu palikuwa na meza ya kazi, palikuwa na magari mabovu, na wenyeji waliruhusiwa kukaribia.

Hapo ndipo ninapokuja kwa hawa wageni wa kujitolea, maana nao wana kauli yao inayopendwa: kwamba wanakuja kusaidia. Tuna methali tuliyoisahau tulipoanza kupokea wageni wenye masanduku. Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wa kujitolea tunampa kiti siku ya kwanza, tunampa kiti siku ya ishirini na moja, kisha tunamsindikiza uwanja wa ndege. Anakabidhi zana asizozitumia kwa mtu asiyemwona akizitumia. Nimewahi kumwona kijana wa Kizungu, mwenye moyo mzuri kabisa, akimwonyesha seremala wa miaka sitini namna ya kushika nyundo. Mzee alimwitikia kwa adabu zote, akamshukuru. Yule kijana hakupata kujua kwamba mbele yake alisimama mtu anayeweza kukata kiungo cha mkia wa njiwa kwa macho tu, na kwamba kama angeomba kufundishwa angerudi kwao na kitu cha maana. Hasara ile ilikuwa ya wote wawili, na ilisababishwa na sisi wenyeji tuliomwacha kwenye kiti.

Ninachokidai kinaweza kuelezwa kwa maneno machache. Zana zije, lakini zije zikiwa na kutu. Zije Bugarama, na Nyakahura, na Biharamulo mjini, bila kusuguliwa, bila kunolewa, bila mipini. Ziwekwe kwenye karakana yenye meza nzito, jiliwa tatu nne (mafundi wa gereji huziita vaisi), jiko la mhunzi na mawe ya kunolea. Karakana hiyo ipokee pia jembe la bibi na springi ya Land Rover kabla mizani ya chuma chakavu haijazifikia, inunue kwa bei ile ile au kuizidi kidogo. Vijana wazifufue chini ya mafundi wanaojua, na kijana asiondoke na zana yoyote ila aliyoifufua yeye. Zinazozidi ziuzwe. Mgeni akitaka kujitolea, aje asimame kwenye meza hiyo, afundishe anachokijua na afundishwe asichokijua.

Nimeitetea fikra hii mbele ya watu wengi, na sijanyamaziwa. Wa kwanza kunipinga huwa ni fundi mwenyewe. Anasema: kaka, wewe una mshahara, mimi nina kazi ya mlango ya kukabidhi Ijumaa, nipe randa inayokata leo. Ana haki. Kwa huyo sina la kufundisha, naye alikuwa akinoa kabla sijazaliwa. Apewe randa yake iliyo tayari, au auziwe kwa bei ya kuelewana. Sanduku analostahili fundi kamili ni jambo moja. Ninalolikataa ni sanduku kufanywa chuo. Kijana wa miaka kumi na minane anayekabidhiwa kasha la useremala lililong'arishwa, msumeno wake umepangwa meno Uingereza kwa mbao za Uingereza, siku ya kwanza atakapoutia kwenye mninga mkavu utamlemea, siku ya kumi utakuwa butu, na siku ya thelathini utakuwa umetundikwa ukutani. Hana tupa ya pembe tatu, na hata akiwa nayo hajui kila jino lilikuwa limelala upande gani kabla halijachoka. Cherehani nazo zina hadithi hiyo hiyo. Singer ya mkono ya zamani ni mashine ya ajabu, ila nyingine zinatumia kile kijumba cha bobini chenye umbo la mtumbwi, na kikipotea hukipati Ngara wala Bukoba, wakati vipuri vya Butterfly vinauzwa mpaka gulioni. Aliyezoea kufungua, kuchambua na kuoanisha mashine hizo angelijua hilo asubuhi ya kwanza, angezitenga zile za mtumbwi ziwe somo na vipuri, akawapa washonaji zile zenye vipuri hapa. Na zile spana za inchi, mhunzi angezipasha moto akazifanya patasi za kuchongea mawe. Chuma chake ni kizuri mno kukaa chini ya meza.

Wengine huniambia habari ya gharama: nani atalipia kusafirisha kutu zaidi ya kilomita 1,200 kutoka bandari ya Dar es Salaam, na forodhani si wataiita taka? Hoja hii ni ya kweli na siipuuzi. Makaratasi ya kontena la namna hiyo yatamtoa mtu jasho. Lakini kichwa cha nyundo bila mpini ni chepesi kuliko nyundo, na kontena linameza vichwa vingi kuliko nyundo. Mipini iko hapa, mti haujaadimika Ngara. Halafu, hata meli isipofika kamwe, ile mizani ya barabarani imethibitisha kuwa mali ghafi inapatikana kijijini kila wiki.

Hoja inayoniuma zaidi ni ya heshima, na huwa inatoka kwa marafiki zangu wa kule Uingereza. Wanasema: kumpa mtu chombo kibovu ni kumdharau, sisi tunang'arisha kwa sababu tunawaheshimu. Najua wanasema kweli, maana nimewaona wakirudia kusugua kitu ambacho tayari kilikuwa safi. Lakini mimi waliniheshimu namna gani? Waliniwekea mbele kisu kilichooza kwa kutu, wakaniamini kwamba nitakiweza. Hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote nilizopewa katika nchi ile. Kwa nini kijana wa Bugarama asiaminiwe hivyo hivyo?

Haraka yangu ina sababu yake. Nikeli ya Kabanga iko hapa Ngara, imejulikana tangu miaka ya 1970, imepita mikononi mwa kampuni moja baada ya nyingine. Mwaka 2021 Serikali ilisaini mkataba wa kuiendeleza, ikachukua hisa asilimia 16. Kila mwenye mtoto upande wetu anaisubiri, wengine kwa matumaini, wengine kwa wasiwasi wa mashamba na makaburi ya wazazi wao. Mgodi utakapoanza kutafuna mwamba utataka watu wanaojua bomba, boliti, weldingi, fani za kupima kwa sehemu za milimita. Chuo cha VETA cha mkoa, kile cha Burugo kilichojengwa na China na kuzinduliwa 2022, kiko karibu na Bukoba. Kutoka Bugarama huko ni safari, na nafasi zake zina mwisho. Kijana anayefika pale akiwa amekwisha kushika tupa miaka miwili atakuwa mbali na mwenzake. Asiyefika kabisa, lakini amekulia kwenye meza ya kufufua zana, mkono wake utakuwa na jibu msimamizi atakapomuuliza unajua nini. Mwenye sanduku tu atakuwa na sanduku. Na tukikosa watu wa namna hiyo, najua tutakachosema, nimekwisha kukisikia: tutasema vijana wetu walikosa vifaa.

Mwezi uliopita nilimwandikia yule mzee wa karakana ya meli. Nilimweleza habari za spana 34, za nati iliyolika kona, za springi inayozuia mlango, na nikamwomba jambo gumu: kwamba zana za sanduku lijalo wasizisugue. Barua yake ya kwanza ilinikata moyo. Aliandika kwamba amenielewa, ila ana swali: wakiacha kusugua, yeye na wenzake Jumamosi watafanya nini? Mke wake amefariki, magoti yamekwisha, na meza ile ndiyo iliyobaki.

Nilikaa na swali hilo siku kadhaa, maana lilikuwa la haki, na lilithibitisha kwamba meza ile inamlisha anayesimama mbele yake. Nikamjibu kwamba kiangazi hapa ni Juni hadi Agosti, hewa haina joto kali kwa sababu ya milima, magoti yake hayatateseka. Nikamwambia yuko mhunzi Bugarama anayetengeneza mapanga kwa springi na hajui kwa nini mengine yanakatika, naye mzee huyu anajua. Na kwamba mhunzi huyo anajua kuupuliza moto wa mkaa wa miti yetu ukatoa joto ambalo yeye hajapata kulitoa bila umeme. Nikamwambia wote wawili ni wakaidi, watagombana.

Jibu lake limefika juzi, mstari mmoja. Anauliza meza yetu ina kimo gani.